Kilima na Bonde: Kuutazama Upya Mpango Mkuu wa Jiji la Kampala

Huenda msomaji akashangaa kuona jarida la walimu wa Kiswahili likitenga kurasa zake kuzungumzia ramani za mji. Ramani, atasema, ni kazi ya wapimaji na wahandisi. Mwalimu wa lugha na abaki na ngeli zake na mashairi yake. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Mpango mkuu wa jiji ni maandishi kama maandishi mengine. Una watunzi wake, una hadhira iliyokusudiwa, una mambo unayoyataja na mambo unayoyanyamazia. Nasi tumefunzwa kuuliza maswali hayo hayo kila tufunguapo kitabu mbele ya wanafunzi.

Katika makala haya tunakusudia kuipitia mipango ya jiji la Kampala, tangu ule wa kwanza wa mwaka 1912 hadi ule wa mwaka 2012, tukiwa na swali moja tu: mpango ulimweka nani wapi? Maoni yetu ni kwamba kwa karne nzima mipango hiyo ilivishughulikia vilima na kuliacha bonde, na kwamba taabu nyingi za katikati ya jiji leo, yaani mafuriko, msongamano na bomoabomoa, zina chimbuko lake hapo. Wala jambo hili si la kuhifadhiwa makumbusho. Kila unapotajwa mpango mpya wa kulisafisha jiji, kuna mchuuzi anayekosa usingizi usiku huo kwa ajili ya meza yake.

Miji Miwili Katika Mji Mmoja

Kabla ya kuja kwa Wazungu palikuwa na mji. Makao makuu ya Buganda yaliitwa kibuga, nayo yalihama kutoka kilima hadi kilima kwa kadiri Kabaka alivyoona inafaa. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikaa Rubaga, kisha Kasubi ambako alizikwa mwaka 1884. Mwanawe Mwanga akajenga Mengo. Kibuga hakikuwa kijiji kilichokua ovyo. Kilikuwa na barabara pana zilizotoka kwenye lango la Kabaka, ua za matete zilizosukwa kwa ustadi, na kila chifu mkuu alijengewa boma lake upande unaoelekea jimbo alilolitawala. Kwa maneno mengine, mtu aliyeusoma mji ule aliisoma nchi nzima. Huo nao ulikuwa mpango, ingawa haukuchorwa kwenye karatasi.

Mwezi Desemba 1890 Kapteni Lugard aliwasili kwa niaba ya kampuni ya Imperial British East Africa, akapiga kambi juu ya kilima kidogo kinachotazamana na Mengo. Waganda walikiita kilima cha mpala, yaani swala, na kutokana na jina hilo jiji likapata jina lake. Dini nazo zikagawana vilima: Waanglikana Namirembe, Wakatoliki Rubaga na Nsambya, Waislamu Kibuli. Baadaye maofisa wa serikali ya Kiingereza walikihama kilima cha Lugard wakahamia Nakasero, palipokuwa na nafasi na hewa zaidi.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ndio uliokata shauri. Kwa mkataba ule ardhi ya Buganda iligawanywa kwa maili za mraba. Sehemu ikawa ya Kabaka, machifu na watu wengine mashuhuri, na ndiyo iitwayo mailo hadi leo. Sehemu nyingine ikawa ya Taji la Uingereza. Kibuga cha Mengo kikabaki chini ya serikali ya Kabaka, na Kampala ya Nakasero chini ya serikali ya Himaya. Miji miwili ikawa imeketi bega kwa bega, kila mmoja na sheria zake. Upande wa Nakasero viwanja vilipimwa, vikakodishwa kwa hati, na nyumba ikajengwa kwa masharti ya matofali, bati na choo. Upande wa Mengo mwenye mailo alimkatia mpangaji kibanja, na mpangaji akajenga kwa udongo na fito alivyoweza.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Watu waliokuja kutafuta kazi, kutoka Rwanda, Burundi, Nile ya Magharibi na nchi ya Kenya, walihitajika sana Nakasero mchana, lakini hapakuwa na mahali pa kuwalaza usiku. Wakavuka bonde, wakapanga vyumba Kisenyi na kwingineko chini ya vilima vya kibuga. Sheria ya busuulu na envujjo ya mwaka 1928 ilimkinga mwenye kibanja asifukuzwe kiholela wala kupandishiwa ada. Basi mwenye kibanja naye akajenga vyumba vya kupangisha. Wataalamu Southall na Gutkind walipochapisha utafiti wao juu ya Kisenyi na Mulago mwaka 1957, walikuta mitaa iliyojaa watu wa makabila mengi, yenye biashara ndogo ndogo za kila namna, iliyo hatua chache tu kutoka kwenye maduka makubwa ya jiji, na ambayo haikuwamo katika ramani ya jiji.

Daktari na Mpimaji

Mtu wa kwanza kuipa mipango ya miji yetu falsafa yake hakuwa mchoraji ramani bali daktari. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyepata kuwa afisa wa afya wa Calcutta, alitumwa kuikagua hali ya afya katika Himaya ya Afrika Mashariki, Uganda na Unguja. Alikuta malaria, alikuta tauni, akatoa dawa iliyopendwa sana na watawala wa wakati ule: makazi ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika yatengwe, na katikati yao uachwe ukanda wazi usiojengwa nyumba. Wenzetu wa Lubumbashi wanaukumbuka ukanda wa namna hiyo hiyo, ambao Wabelgiji waliuweka kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika. Hapa Kampala uwanja wa gofu wa Kitante, ulio kati ya Nakasero na Kololo, ni ukumbusho wa fikra hiyo. Majani yake ni mazuri, lakini asili yake si mchezo peke yake.

Mwaka 1930 serikali ilimleta A. E. Mirams, mpimaji aliyekuwa amefanya kazi na serikali ya Bombay, naye akatoa ripoti ndefu juu ya upangaji na maendeleo ya Kampala. Yeye aliwaza barabara, viwanja vya biashara na majengo ya serikali. Mwaka uliofuata, 1931, reli kutoka Nairobi ikafika Kampala, na stesheni ikajengwa chini ya kilima cha Nakasero. Tangu siku hiyo reli ikawa mpaka usioandikwa. Juu yake ni ofisi, mabenki na hoteli. Chini yake ni bonde la Nakivubo, linalokusanya maji ya vilima vyote vya jirani na kuyapeleka katika kinamasi, na kutoka kinamasi katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria.

Hatuna budi kulikumbuka bonde hili, maana ndilo kiini cha hoja yetu. Kwa daktari, bonde lilikuwa mazalio ya mbu. Kwa mpimaji, lilikuwa ardhi isiyofaa kwa jengo la maana. Kwa hiyo wote wawili waliliacha tupu. Lakini ardhi iliyo hatua mia mbili kutoka stesheni na soko haiwezi kubaki tupu. Wasiokuwa na nafasi katika ramani ndio watakaoijaza.

Ernst May na Kilima cha Kololo

Mpango uliosifiwa kupita yote ni ule wa Mjerumani Ernst May. Habari za mtu huyu ni za ajabu kidogo. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886, na kati ya mwaka 1925 na 1930 alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za bei nafuu katika mji huo, nyumba zenye mwanga, hewa na majiko yaliyopangwa vizuri. Kisha akaenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda. Alipoondoka huko hakuweza kurudi kwao, kwa kuwa utawala wa Hitler ulikuwa umekwisha kushika nchi. Akaja Tanganyika mwaka 1934, akawa mkulima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi yake ya usanifu wa majengo Nairobi. Vita vilipoanza Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Walipomwachilia, wakampa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala. Ripoti yake, aliyoianza mwaka 1945, ilichapishwa mwaka 1947.

May alikuwa fundi, na ufundi wake tunaukiri. Aliyapenda maumbile ya nchi. Barabara zake hazikukipasua kilima kwa mstari ulionyooka, bali zilikizunguka kwa kufuata mwinuko wake, kama mtu apandaye kilima bila haraka. Nyumba alizielekeza zipate upepo. Mabonde aliyaacha yawe ya kijani, yasijengwe, maji yapite. Kila kilima kikawa mtaa wenye maduka na shule zake. Atembeaye Kololo leo, chini ya miti yake, bado anatembea ndani ya fikra za May. Jengo la Makumbusho ya Uganda, lililofunguliwa mwaka 1954, nalo ni kazi ya mkono wake. Mwaka 2011 wananchi walikwenda mahakamani kupinga mradi wa kulibomoa ili pajengwe mnara wa biashara, na jengo lingali limesimama.

Lakini msomaji na auangalie mpango huo mara ya pili. Aliyejenga nyumba za wafanyakazi Frankfurt, alipofika kwetu aliwapanga watu kwa rangi zao: Wazungu na Waasia Kololo, Waafrika Naguru, na bonde katikati. Ile hewa safi, yule mwanga na yale majani mabichi vilikuwa ni vya watu wote kule kwao. Huku vikawa vya ngazi ngazi. Sheria ya utengano wa makazi katika miji ya Kenya ilikuwa imekwisha kuachwa kwa Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, hata hivyo hapakuhitajika sheria. Ukubwa wa kiwanja na masharti ya ujenzi vilitosha kufanya kazi ile ile kwa upole zaidi.

Hata hivyo, Naguru na Nakawa zina maana kubwa katika historia yetu. Mwezi Januari 1945 wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na mwezi Aprili 1949 zikazuka ghasia kubwa zaidi. Serikali ikatambua kwamba mfanyakazi asiye na nyumba ni mfanyakazi asiye na subira. Katika miaka hiyo zikajengwa nyumba za kupangisha za Waafrika Naguru na Nakawa. Zilikuwa ndogo, na hazikutosha hata kidogo. Lakini kwa mara ya kwanza mpango wa jiji ulikubali kwamba Mwafrika analala mjini.

Mipaka Yapanuka, Ramani Yabaki Ile Ile

Kampala ikawa manispaa mwaka 1949. Mwaka 1951 ukatoka mpango wa Henry Kendall, aliyetangulia kufanya kazi ya namna hiyo katika Palestina. Mpango wake ulikuwa wa makini, lakini ulihusu eneo la manispaa peke yake. Kibuga kikabaki nje ya mstari. Ikumbukwe kwamba wakati huo watu wengi waliolijenga jiji kwa mikono yao walikuwa wakilala upande wa pili wa mstari huo. Fundi aliyepaka rangi dirisha la benki alirudi jioni kwenye chumba ambacho mpango haukukijua.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Oktoba 1962 Kampala ilikuwa jiji na makao makuu ya nchi mpya, baada ya Entebbe kushika cheo hicho zama za ukoloni. Mwaka 1967 falme zilifutwa, na mwaka 1968 mipaka ya jiji ikapanuliwa kuyajumlisha Mengo, Kawempe na Nakawa. Eneo lililokuwa takribani kilomita za mraba 21 likawa 195, yaani zaidi ya mara tisa. Kwa siku moja Kisenyi ikawa jiji. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilionyesha wakazi wapatao 330,000. Lakini mabomba ya maji taka, taa za barabarani na barabara za lami hazivuki mpaka kwa tangazo la gazeti la serikali. Kilichovuka upesi ni ushuru na askari wa jiji.

Mpango mwingine ulitolewa mwaka 1972 ili kuliunganisha jiji hilo jipya. Bahati mbaya mwaka huo huo, mwezi Agosti, serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku tisini waondoke nchini. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka, na maduka ya katikati ya jiji yakagawiwa kwa wengine. Mwaka 1975 amri ya serikali ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma. Mwaka 1979 vita vilifika Kampala. Mpango wa mwaka 1972 ulibaki kabatini, kwa kuwa aliyepaswa kuutekeleza, aliyepaswa kulipa kodi na aliyepaswa kumiliki nyumba, wote walikuwa wamebadilika.

Jiji Lashuka Bondeni

Ni katika miaka hiyo ya dhiki ndipo kitovu cha jiji kilipohama. Hakikuhamishwa na mpango wowote. Kilihama kwa miguu ya watu. Soko la Owino, ambalo sasa huitwa soko la Mtakatifu Balikuddembe, lilianzishwa mwaka 1971 kando ya Nakivubo, likawa tegemeo la watu wa mishahara midogo. Vituo vya teksi, ambazo jirani zetu wa mashariki huziita matatu na wa kusini daladala, vikawa hapo hapo bondeni. Soko moja la jirani likaitwa Shauri Yako. Jina hilo ni la Kiswahili safi, na sisi walimu hatuna haja ya kulifafanua. Watu wenyewe walieleza kwa maneno mawili uhusiano wao na wakuu wa jiji.

Tumewahi kuwataka wanafunzi wetu wachore ramani ya jiji kutoka vichwani mwao, bila kutazama kitabu. Karibu wote walianzia kituo cha teksi. Kisha wakachora soko, kisha mfereji, kisha njia ya kwenda nyumbani. Nakasero na Kololo, kama zilichorwa, ziliwekwa pembeni mwa karatasi. Ukiiweka ramani ya May kando ya ramani ya watoto hawa, utadhani ni miji miwili mbalimbali. Na kila moja ni sahihi kwa mchoraji wake.

Tangu mwaka 1986 hali ya amani iliporejea katika sehemu hizi, biashara ilikua kwa kasi. Waasia waliopenda walirudishiwa mali zao, na Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha milki ya mailo. Majengo ya ghorofa yenye vibanda mamia yaliota bondeni. Wakazi wa jiji walifika 774,000 mwaka 1991, wakapita milioni moja na nusu mwaka 2014, na hesabu ya mwaka 2024 ilikuta takribani milioni 1.8, bila kuwataja waingiao asubuhi na kutoka jioni.

Maji, hata hivyo, hayakuhama. Kila kiwanja kilichosakafiwa kwa saruji juu ya kilima huteremsha maji ambayo zamani yalinywewa na udongo. Mfereji wa Nakivubo ulipanuliwa mwanzoni mwa karne hii kwa fedha za Benki ya Dunia, lakini taka za plastiki na ujenzi wa kando kando huuziba. Mvua ya saa moja, katika miezi ya masika au ya vuli, yatosha kuyageuza maduka ya chini kuwa visima. Mwenye duka la nguo hupoteza mtaji wa mwaka kwa alasiri moja. Chini zaidi, kinamasi cha Nakivubo, ambacho huyachuja maji machafu ya jiji kabla hayajafika ghuba ambako jiji huchota maji yake ya kunywa, kimeliwa na mashamba na viwanda. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba kazi hiyo ya kuchuja, ifanywayo bure na mafunjo, ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kila mwaka.

Hapa ndipo penye utata ambao hatupendi kuuficha. Wale wakoloni waliosema bonde lisijengwe, katika jambo hili la maji, walisema kweli. May alipoyaacha mabonde yawe ya kijani alijua mvua ya Kampala. Kosa la mipango halikuwa kuliachia bonde maji. Kosa lilikuwa kutowapa watu wa bondeni kilima. Mahali palipotengwa kwa ajili ya maji pakawa ndipo mahali pekee palipobaki kwa ajili ya maskini, na tangu hapo watu na maji wamekuwa wakigombania kitanda kimoja.

Mipango ya Siku Hizi

Mwaka 1994 ulitolewa mpango mwingine wa muundo wa jiji. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa. Na kwa sheria nyingine ya mwaka huo huo jiji likawekwa chini ya Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, iliyoanza kazi mwaka 2011. Mwaka 2012 ukatoka mpango wa kuliendeleza jiji pamoja na wilaya zinazolizunguka. Humo mna mambo mema: usafiri wa umma, barabara za juu, vitovu vipya vya biashara nje ya jiji la kale ili kulipunguzia mzigo.

Lakini wananchi wa kawaida waliujua upangaji kwa tingatinga kabla ya kuujua kwa maandishi. Mwezi Julai 2011 nyumba za Naguru na Nakawa, zile zile zilizotokana na zama za May, zilibomolewa ili pajengwe mji wa kisasa. Familia zaidi ya 1,700 zikatafuta pa kwenda. Mwezi Februari 2017 soko la Park Yard, kando ya uwanja wa Nakivubo, lilibomolewa usiku. Mwanzoni mwa mwaka 2022 wachuuzi waliondolewa katika barabara za katikati ya jiji. Mara nyingine sababu zilizotolewa zilikuwa za haki: njia ya kupita, usafi, moto. Hatusemi kwamba kila meza ina haki ya kukaa katikati ya barabara. Tunasema kwamba amri ya kuondoka ilitangulia, na jibu la swali la pa kwenda likachelewa, kama ilivyokuwa mwaka 1912, mwaka 1930 na mwaka 1951.

Wako wasemao: basi mipango yote na ichomwe, watu waachwe wajipange wenyewe. Rai hiyo hatuiungi mkono. Palipokosekana mpango mnyonge hakupata uhuru. Alipata mfereji uliozibwa na mwenye nguvu aliyejenga juu yake. Wako wengine wasemao: tatizo ni utekelezaji tu, mipango yenyewe ilikuwa mizuri. Hao nao hatuwezi kuwakubalia kabisa. Mpango usiomtaja mtu hauwezi kutekelezwa kwa faida yake, hata ukitekelezwa neno kwa neno.

Wapangaji wa Namna Mbili

Lugha yetu ina neno moja lenye kufaa mjadala huu. Kupanga ni kuweka vitu kwa utaratibu. Na kupanga pia ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa kulipa kodi. Kwa hiyo anayechora mji ni mpangaji, na anayelipia chumba Kisenyi ni mpangaji. Kiswahili kiliwapa jina moja watu hawa wawili, lakini katika historia ya Kampala hawajapata kuketi kwenye meza moja. Mpangaji wa kwanza aliandika kwa Kiingereza, akachapisha Entebbe, akasomwa na wakubwa wenzake. Mpangaji wa pili alisoma matokeo ukutani, kwa alama nyekundu ya msalaba.

Kwa hiyo, kabla ya mpango ujao kupitishwa, tungependa mambo matatu yafikiriwe. La kwanza, ramani ya maji na ramani ya watu zichorwe katika karatasi moja. Ikiwa kinamasi na kingo za mfereji zitarudishiwa maji, na ni lazima zirudishiwe, basi katika karatasi hiyo hiyo paonyeshwe kilima watakapohamia watu, umbali wake kutoka sokoni, na tarehe ya nyumba zake kukamilika, nayo iwe kabla ya tarehe ya kuhama. La pili, wenye vilima nao wachangie: atakayesakafia uwanja wake juu alipie maji anayoyateremsha chini, kwa kuwa mafuriko ya bondeni huanzia kwenye paa za juu. La tatu, mpango uandikwe kwa lugha ambazo watu wanazisema, Kiganda na Kiswahili pamoja na Kiingereza, usomwe sokoni na vituoni, na maoni yapokelewe kwa lugha hizo.

Jambo hili la tatu ni kazi yetu walimu. Tafsiri ya mpango wa mji si kazi ya kudharau. Inahitaji mtu ajuaye kutofautisha mfereji na mtaro, kiwanja na kibanja, kuhamishwa na kufukuzwa. Maneno haya yakichanganywa katika hati, kuna mtu atakayelipia kwa nyumba yake. Hata darasani twaweza kuanza: mwanafunzi aliyezoea kuandika insha juu ya faida za miti, na aandike safari hii juu ya mfereji anaouruka kila asubuhi, unatoka wapi, unakwenda wapi, na ni nani aliye juu yake.

Tunawaalika walimu wenzetu wa Bujumbura, Kigali, Bukavu na Lubumbashi watuandikie habari za mipango ya miji yao, ili katika matoleo yajayo tuweze kuilinganisha. Miji yetu ilichorwa na watu wa aina moja, katika zama moja, kwa hofu ile ile. Inaelekea kuwa nafasi zilizoachwa tupu katika ramani zake zinafanana, na watu waliozijaza wanafanana pia.